Wasee wa Kaptagat Hulalanga Mchana

Rauka saa kumi na moja asubuhi ucheki Thika Road, pale kwa barabara ya kando. Utadhani Kenya mzima imeitwa timu ya Olimpiki. Mbogi ya Githurai, ya Zimmer, ya Kahawa West, kila msee ako na hudi na ndula za mtumba za Gikomba zenye zimekimbia maisha ya watu wawili kabla zifike kwake. Jioni nayo ni zile jimu za mtaa, kutoka Kayole hadi Kawangware: mabati, kioo imepasuka kona, spika inapiga gengetone, na chuma za kujitengenezea, simiti ndani ya mikebe ya rangi na bomba katikati. Mimi hiyo story naipenda. Afadhali chali akue hapo kuliko akae base akingoja karao wamfuate. Kenye kinanikera ni kimoja. Kwa hizi jimu zote kuna msee wa kukuonyesha venye utabeba, venye utachuchumaa, hadi mayai ngapi utakula. Msee wa kukuonyesha siku ya kubaki keja, hakuna.

Jaribu kuuliza. "Manze leo naskia mwili imeisha, nirudi home?" Kila jimu hukuwanga na buda mmoja, kifua imefura hadi mikono haishuki vizuri. Atakucheki juu hadi chini alafu adai, "Kwani umekuwa mzae?" Basi utabeba. Hii tao aibu imeumiza mabega mingi kuliko chuma yenyewe.

Na ukweli ni kwamba pale kwa jimu hujengwi. Unabomolewa. Ukipiga chuma, nyuzi za misuli zinachanika vidogo vidogo, na ile sukari yenye misuli huweka akiba inachomeka. Ukimaliza seti ya mwisho wewe ni mnyonge kuliko venye uliingia. Nguvu inakuja baadaye, ukikula na ukilala, juu usingizi mzito ndio mwili humwaga homoni ya kukua na kurekebisha zile nyuzi. Tizi ni Fuliza. Unapewa saa hii, unajiskia mdosi, lakini siku doo itaingia, deni inakatwa kwanza. Ukizidi kukopa bila kuweka kitu, kuna siku utabonyeza na simu itakataa.

Sasa hapo ndio watu wa Nai huchanganyikiwa, juu tunahesabu tu ile deni ya jimu. Cheki chali wa mjengo. Anatoka Mukuru ama Kibich kabla jua itoke, anatembea hadi site, anabeba mawe na kuchanganya kokoto hadi jioni, lunch ni chapo dondo ya kibanda. Anarudi na miguu juu nauli imepanda tena. Saa moja usiku unampata jimu anavuta chuma, juu programu yenye alitoa YouTube imesema Jumanne ni siku ya mgongo. Boss, mgongo ulipiga tangu asubuhi! Na haujalipwa hata overtaimu.

Hiyo programu iliandikiwa msee mwenye hukaa kwa kiti siku mzima, ako na friji, ako na gari, na tizi ndio time pekee mwili yake huona kazi. Wewe si huyo. Shirika la Afya Duniani, WHO, husema mtu mzima afanye dakika 150 hadi 300 za tizi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kupiga misuli. Na wakihesabu hizo dakika wanaweka ndani kazi ya mkono na kutembea kwenda job. Msee mwenye hutembea kutoka Kibich hadi Industrial Area, kwenda na kurudi, Jumanne jioni ashapita 150 bila kuguza hata dumbeli. Sisemi asibebe chuma. Chuma ni poa, inasaidia mifupa na inafukuza mastress. Nasema hesabu yake haianzi kwa mlango ya jimu, na hakuna kochi wa video anajua hesabu yake.

Mdem wa shift ya usiku ni vile vile. Mhudumu wa supamaketi mwenye amesimama masaa kumi. Rider wa boda, mwenye mgongo na shingo imekula mashimo ya Eastlando siku mzima. Mwanafunzi mwenye ako na mitihani na analala saa nane. Hata stress ya rent, mwili inaihesabu, juu stress inakula usingizi, na usingizi ndio ilikuwa inakulipia deni.

Alafu kuna hii mambo ya Wakale. Kila msee hapa hupenda kudai anapiga tizi ya Iten. Wanacopy kilomita, wanacopy milima pale Ngong, wanacopy mursik na ugali. Kenye hakuna mtu hucopy ni mchana. Pale Kaptagat, kwa kambi yenye Eliud Kipchoge amekulia mbio chini ya kochi Patrick Sang, ule mwenye alileta medali ya fedha ya kuruka viunzi na maji kutoka Barcelona 1992, wanatoka asubuhi mapema, wanakimbia, wanakunywa chai, wanafua nguo zao, wanasafisha kambi kwa zamu. Alafu wanalala. Mchana peupe, wanaume wazima, mabingwa wa dunia, wamejifunika blanketi. Jioni wanatoka tena, lakini polepole hadi ukiwapata kwa ile vumbi unaeza dhani wanaenda duka kununua sukari. Kilomita zao nyingi ni hizo za polepole, zile ngumu ni chache na ziko na siku zao. Wikendi wanarudi kwa familia. Wakimaliza marathon, wanaweka ndula chini wiki kadhaa kwanza.

Na hao ndio walimtoa Kipchoge wa marathon ya 1:59:40 pale Vienna, Oktoba 2019, na 2:01:09 Berlin 2022. Kwa hivyo ukiniambia kulala ni uvivu, kwanza peleka hiyo maneno Kaptagat.

Kuna story nyingine ngumu zaidi, na lazima niiguze. Kelvin Kiptum. Oktoba 8, 2023 alipiga Chicago kwa 2:00:35, rekodi ya dunia, marathon yake ya tatu tu. Kochi wake, Gervais Hakizimana wa Rwanda, alikuwa ameshow waandishi wa habari bila kuficha kwamba huyu kijana anakimbia kilomita 250 na zaidi kwa wiki, saa zingine anapita 300, hana siku ya kupumzika kwa wiki, na kwamba yeye kama kochi anaogopa mwili itavunjika. Alimwambia apunguze, kijana akakataa. Februari 11, 2024 ajali ya barabara ikawabeba wote wawili, Kiptum akiwa na miaka 24. Hatutawahi jua ni nani alikuwa sawa kwa hiyo mjadala, na msee akikuambia anajua, anakudanganya. Mimi nachukua tu hii: hata huyo, mwenye mwili yake ilikuwa ya ajabu kuliko zetu zote, alikuwa na mtu wa kumchunga na kumwambia punguza. Na kazi yake ilikuwa kukimbia. Hakuwa anatoka tizi anaenda kubeba abiria hadi saa nne usiku.

Wewe hauna kochi. Kwa hivyo itabidi ujicheki mwenyewe, na hapo ndio kuna kazi, juu kichwa ni mjanja. Siku zingine itakuambia umechoka na ni uongo tu, blanketi ni tamu na kuna mvua. Siku zingine itakuambia uko fiti na mwili inalia.

Njia ya kutofautisha naijua moja yenye hainiangushi. Enda. Vaa, fika, anza polepole, pasha mwili moto kama dakika kumi. Kama ilikuwa uvivu, ikifika dakika ya saba jasho imetoka, roho imefunguka, na umesahau ulikuwa unataka kukataa. Kama ni uchovu wa ukweli, kila dakika inakuwa nzito kuliko ile imepita. Chuma yenye wiki iliyopita ilikuwa ya kuchezea, leo inakaa kaa imeongezwa kitu. Hapo funga bag urudi. Haujapoteza siku, umeipima.

Kuna kipimo kingine, hiki kinafanywa kitandani. Ukiamka, kabla ushike simu, weka vidole mbili kwa shingo uhesabu mapigo ya roho kwa nusu dakika, zidisha kwa mbili. Fanya hivyo wiki kadhaa ukiwa fresh na utajua namba yako. Siku namba imepanda kama kumi hivi juu ya kawaida, na imekataa kushuka siku mbili tatu, kuna kitu: haujalala poa, ugonjwa uko njiani, ama tizi imezidi. Ni bure, haihitaji saa ya bei ya boda.

Alafu angalia tabia zako. Msee mwenye amepitisha tizi hukuwanga na mdomo mbaya. Anagombana na makanga juu ya mbao, anamfokea mathe bila sababu. Amechoka siku mzima lakini usiku macho ni kavu. Chakula haimbambi. Homa ndogo ndogo haziishi, leo mapua, wiki ijayo koo. Ukiona hizo zote zimekutana kwa mtu mmoja na jimu haendelei mbele wiki nzima, huyo siku moja ya kupumzika haitamtosha. Achukue wiki, na kama zitabaki hata baada ya wiki, aone daktari, juu hizo dalili zinaeza kuwa damu imepungua ama kitu ingine kabisa.

Maumivu nayo iko mbili na watu wanazichanganya sana. Kuna ile ya kawaida: umefanya kitu mpya Jumatatu, Jumanne unaskia kidogo, Jumatano kushuka ngazi za gorofa ni drama. Inauma pande zote mbili, inauma misuli nzima, na ukitembea inalegea. Hiyo haina noma, itaisha, tembea tu na usipige mahali hapo tena hadi ilegee. Ile ingine iko upande mmoja. Iko mahali moja yenye unaeza guza na ncha ya kidole, kwa kiungo ama kwa mfupa wa muundi, inachoma, na ukizidi kukimbia inazidi. Ikiwa inakuamsha usiku, mfupa unaeza kuwa umeanza ufa. Wasee wa kukimbia lami kila asubuhi na ndula zimeisha soli, hii ni yenu. Ukibisha, badala ya kupumzika wiki chache utakaa miezi.

Na kuna moja ya kukimbilia hosi bila mjadala. Umekaa miezi bila tizi, siku ya kwanza mbogi inakupigia kelele, unapiga squat hadi miguu inatetemeka. Siku ya pili mapaja imefura, imekuwa ngumu, na ukienda haja ndogo mkojo ni kahawia ya chai ya rangi. Hiyo ni misuli imevunjika sana hadi uchafu wake umeingia kwa damu, na figo ndizo zinausafisha. Usingoje kesho.

Ukiwa mgonjwa, angalia shingo. Mapua inatiririka tu, koo inawasha kidogo, unaeza tembea ama upige tizi nyepesi. Ikishuka kifua, ama mwili yote inauma, ama uko na joto, kaa chini kabisa. Virusi zingine hufika hadi misuli ya roho, na kuipigisha kazi time hiyo si ujasiri. Na kama umetoka ushago juzi, pande za Kisumu, Busia ama Kakamega, na unaskia baridi na viungo zinauma, usidanganyike eti ni tizi. Pima malaria.

Sasa nifike kwa kitu yenye watu hawapendi kubonga. Wasee wengi hawajui wamechoka juu wamezima king'ora. Jaba mchana ndio macho ikae. Enaji drinki kabla ya chuma. Diclo mbili kutoka kwa kemist juu goti inauma, alafu squat juu ya hiyo goti. Jaba haikupi nguvu, inaficha tu uchovu, na usiku inakunyima usingizi, kwa hivyo kesho utahitaji ingine. Dawa ya maumivu nayo haijatibu goti, imenyamazisha goti tu. Na ukiimeza bila maji ya kutosha, umetoka jasho kwa jua ya saa nane, figo zako zinabeba mzigo yenye hazikuomba. Ikifika mahali unahitaji dawa ndio uweze kufanya tizi, hiyo tizi isimamishe.

Kwa mamanzi kuna alama ingine, na ningependa mngeibonga bila aibu. Mdem anakimbia kila siku, amekata ugali, amekata chapo, supper ni chai. Kilo zinashuka na kila mtu anampea sifa. Alafu hedhi inapotea, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kuna wenye hufurahia, eti shida imepungua. Zii. Mwili imeona chakula haitoshi kwa kazi yenye inapewa, ikaanza kuzima vitu, na mifupa iko kwa hiyo laini. Miezi mitatu bila hedhi na huna mimba, enda kliniki, na hapo katikati ongeza sahani kabla uongeze kilomita. Machali pia hupatwa na hii ya kukula kidogo kuliko kazi, tofauti ni kwamba wao hawana alama ya wazi hivyo.

Najua woga yenyewe ni gani. Ukikaa wiki, kifua itarudi flati, na miezi sita ya kusota imeenda. Hapana. Wiki moja bila chuma hautapoteza nguvu ya kuonekana, hata wiki mbili tatu nguvu nyingi bado iko. Pumzi ndio huanza kushuka mapema, kama baada ya wiki mbili hivi, na hata hiyo inarudi haraka kuliko venye uliipata mara ya kwanza. Kenye kinapotea haraka ni ile kufura ya damu na maji kwa misuli, na hiyo inarudi ukirudi. Ukitaka ushahidi, cheki Faith Kipyegon, naye ni wa mbogi ya Sang. Alikaa nje msimu mzima wa 2018 akapata mtoto wake, akarudi 2019, akachukua dhahabu ya 1500 tena kwa Olimpiki ya Tokyo, na 2023 pale Florence akavunja rekodi ya dunia kwa 3:49.11. Na wewe unaogopa kukosa Alhamisi.

Kupumzika pia si lazima ulale kama gunia. Siku ya kuchil unaeza tembea Karura na mtu wako, upige nyoosho kwa sakafu, ucheze kadi. Wenye hukimbia waweke angalau siku moja nzima kwa wiki bila kukimbia, na wenye hubeba chuma wasipige misuli ile ile siku mbili mfululizo. Kila mwezi ama miezi miwili, weka wiki moja ya kubeba nusu. Na ukitoka kwa mapumziko marefu, usianze penye uliachia. Anza nusu, panda polepole wiki mbili tatu, hata kama yule wa kifua atacheka.

Yule chali wa mjengo, kama ni beshte yangu, ningemwambia chuma mara mbili kwa wiki inamtosha, moja Jumamosi wakilipwa mapema na ingine katikati ya wiki siku yenye kazi ilikuwa nyepesi. Siku ya kumwaga slabu asiguze jimu. Apitie kibanda, aongeze mayai na ndengu, alale saa tatu. Na kama jimu inamlipisha kwa mwezi na roho inamuuma akikosa, abonge na mwenyewe amchaji kwa siku. Wengi mtaani hukubali, juu siku hujaenda, zile mikebe za simiti hazijakula stima ya mtu.